Goti la Selemani

Tabora,
9 Agosti 1954

Kwa ndugu yangu Selemani,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema huko Usoke, wewe, mjomba wako na wote wa dukani. Je, cherehani bado unaikanyaga kwa mguu mmoja? Na lile goti linaamkaje asubuhi za baridi hii? Mimi ni mzima sasa, namshukuru Mungu, ingawa mwezi Juni nilikuwa natembea kama mtu aliyebeba gunia lisiloonekana.

Nikueleze ilivyokuwa. Unajua bado namvutia mnyororo wa kupimia yule mpima ardhi Mwingereza, Bwana Haliweli. Tulikuwa tunapima kipande cha njia ya zamani ya misafara, upande wa kwenda Ujiji. Siku moja nikainama kuokota kigingi, kiuno kikagoma. Sikuweza kunyooka wala kukaa. Wenzangu walinirudisha mjini nikiwa nimelala kifudifudi nyuma ya gari, kama mbuzi wa sikukuu.

Bwana Haliweli akanipeleka kwa mkewe. Kumbe yule mama alisomea kwao utabibu wa viungo na misuli kwa mikono, wanauita osteopathi. Hana sindano wala chupa ya dawa. Nilidhani atanishika kiuno, lakini alianza kwa kutazama soli za viatu vyangu. Akaniambia nitembee barazani, nigeuke, nisimame kwa mguu mmoja. Kisha, Selemani, akashika kifundo cha mguu wa kushoto! Nikamwambia, “Mama, maumivu yako huku juu.” Akajibu kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba maumivu yako juu, ila yeye anatafuta yalikopitia.

Unakumbuka nilivyoteguka kifundo kile tulipokuwa tunacheza mpira kule Kipalapala? Mama Haliweli alisema kilipona nusunusu. Hakikunjiki vizuri, basi nyonga ikawa inazunguka kupita kiasi ili kukisaidia, na nyonga ilipochoka kiuno kikabeba. Alinishika mguu, akaniambia nisukume kiganja chake kidogo tu, kisha nilegee. Kila nilipolegea aliuvuta mbele kidogo. Hakutumia nguvu hata kidogo. Nilijiuliza misuli inajuaje kwamba inaruhusiwa kuachia. Siku ya tatu nilinyooka. Wiki ya nne nikapiga mpira ukutani, nikageuka upande wa kushoto bila kukunja uso, jambo ambalo sikuliweza kwa miaka miwili.

Tangu hapo nikawa mtu wa maswali. Kwa nini mchezaji akichoka huumia kirahisi? Mbona mkimbiaji mzuri mabega yake hulegea? Alinijibu yote kwa subira, akinionyesha kwa kidole mahali msuli unapoanzia na unapoishia. Lakini nilikuwa narudia sana swali la goti, hadi siku moja akaweka chini kitambaa alichokuwa akifutia mikono, akaniuliza, “Damas, magoti yako ni mazima. Hili unaloniuliza ni la nani?”

Nikamwambia ni la rafiki yangu, winga hodari kuliko wote mjini hapa, aliyepigwa goti kutoka upande wakati mguu umekanyaga chini. Akasema wazi kwamba kano iliyokatika hawezi kuiunga kwa mikono, na hatamdanganya mtu. Ila mara nyingi, alisema, goti hubaki gumu kwa sababu misuli ya paja imelala na nyonga imejifunza kuogopa, na hayo yanaweza kufundishwa upya. Kisha akauliza nani amekuwa akilikanda.

Nikamtajia mama yako, Mama Maua. Mama Haliweli akataka sana kumwona. Nilitafuta visingizio wiki nzima, mwisho nikampeleka kwake Isevya.

Laiti ungekuwepo! Mama Maua alinilaza juu ya mkeka, wakawa wananishika mgongo kwa zamu. Mama yako akasema huku kubana kunatokana na mguu wa kushoto, kabla hajaambiwa lolote, na Mama Haliweli akapiga makofi kwa furaha. Mama yako akaeleza kwamba kazi hiyo aliipata kwa babu yake, aliyekuwa akiwanyoosha wapagazi waliofika Unyanyembe na mabega yaliyovimba kwa pembe za ndovu. Waliongea hadi kahawa ikapoa. Tulipoaga, mama yako alinishika mkono akanishukuru kwa kutomsahau mwanawe.

Shukrani ile imeninyima raha, Selemani. Sasa nikwambie jambo nililokuficha tangu mechi ya mwisho ya kombe mwaka jana.

Refa alisema kuumia kwako ni bahati mbaya. Wewe mwenyewe, ukiwa umelala chini, uliwaambia watu mpira ndivyo ulivyo, wasinilaumu. Si kweli. Sikuuendea mpira. Uliponipitishia mpira katikati ya miguu mara ya pili, watu walicheka, na shemeji zangu walikuwa pale wanatazama. Nikaapa moyoni hutapita mara ya tatu. Niliuona mpira uko mbali, nikauona mguu wako, nikachagua mguu. Kisha nikaja kukuuguza, nikakaa kitandani kwako, nikakuacha unifariji.

Juzi nilirudi Isevya peke yangu nikamweleza mama yako. Aliendelea kuchambua mchele. Nilipoanza kulia akasema, “Usinililie mimi. Mwenye goti yuko Usoke.”

Ndiyo maana nimeandika. Mama Haliweli amekubali kukutazama, na yeye na mumewe watakuwa hapa hadi mwisho wa Oktoba. Mama yako atakwenda nawe hadi kwake, anapafahamu. Usije kwa ajili yangu. Mimi sitakuwepo stesheni wala barazani, ila ukiniita nitakuja, na chochote utakachotaka kuniambia nitakisikiliza nikiwa nimesimama.

Nisalimie mjomba, na majirani wote wanaoniulizia. Nyumbani kwetu shemeji yako Flavia na watoto wanakusalimu. Wao bado hawajui, nitawaambia Jumapili.

Ni mimi niliyekuumiza,

Damas Lugendo