Kuinua Escudo la Baba

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Nimeamua. Escudo, gari la Baba, linainuliwa. Haliuzwi, haliachwi likaoza uani — linainuliwa, na asiyetaka shauri yake.

Leo nimekwama tena kwenye bonde la kwenda kwa Mama, Kiuyu. Magari ya ng'ombe yamechimba mifereji miwili hadi njia imefanya mgongo katikati, na mgongo huo ndio adui yangu. Magurudumu yanashuka mferejini, tumbo la gari linakaa juu ya mgongo, basi tena. Nimekanyaga mafuta mpaka moshi. Nikavua viatu, nikajitwika kikapu, nikamaliza safari kwa miguu.

Mama alikuwa ukumbini, anachagua mchele kwa kupapasa. "Umekuja kwa miguu tena," kasema kabla sijatoa salamu. "Nalisikia tope lako."

Akanitilia chai. Nusu kikombeni, nusu mkononi mwangu. Nikaufuta kwa ncha ya kanga.

Habari kubwa: sheha kapitisha tangazo. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya Chake kuanzia tarehe 28 hadi 30. Mtoto wa jicho wanamtoa hapo hapo. Walipokuja mara ya mwisho Baba alikuwa hai, na wakiondoka haijulikani watarudi lini. Jicho la kushoto la Mama limeshazimika. La kulia linaona mwanga tu. Lazima afike.

Jumapili, 13 Aprili

Nimempigia Saud, Unguja. Kaka yangu ana jawabu la kila jambo ilimradi si yeye wa kulitenda. Anasema Mama abebwe hadi barabara ya lami, gari limsubiri hapo. Nikamuuliza kama amesahau. Hajasahau, anajitia.

Mwaka jana Mama alishikwa na homa, vijana wakambeba juu ya kitanda. Jua kali, Bi Kazija jirani yake akamfunika kanga mwili mzima. Huko njiani wanaume wakaona kitanda kiko mabegani, kimefunikwa — wakainuka kama ilivyo ada, kila mmoja anakimbilia kutia bega apate thawabu. Msafara ukakua. Tahalili ikaanza. Mwendo ukawa ule wa mazishi hasa, wa haraka haraka. Mama chini ya kanga anaita, "Mie mzima! Mie mzima!" — nani atamsikia? Hadi alipotoa mkono nje, na bwana mmoja akaachia mguu wa kitanda akatimua mbio.

Kiuyu nzima bado inacheka. Mama hacheki. Aliapa siku ile ile kwamba habebwi tena na kiumbe ila siku yake ikifika. Pikipiki nayo hapandi. Ilimwangusha, na goti halikunjiki vizuri tangu hapo. Kwa hiyo ama gari lifike mlangoni, ama Mama abaki gizani. Na mwenye gari ni mimi.

Jumatano, 16 Aprili

Gereji kwa Haroub, Wete. Fundi Haroub ana maneno mengi kuliko spana, lakini mikono anayo. Kalizunguka Escudo, kalipiga bodi makofi kama anayenunua ng'ombe.

"Bi Nusaiba, wataka tulipandishe hadi wapi?"

Nikampa ufito. Nilikuwa nimeusimamisha mferejini kule bondeni na kutia alama ya wanja penye kilele cha mgongo. Mimi fundi cherehani, kupima ndiyo kazi yangu. Kacheka, kasema mafundi wa Unguja hutumia futi. Nikamwambia nauli ya Unguja nitamlipia.

Mpango wenyewe: springi ndefu zaidi chini, halafu bodi itenganishwe na chesisi, fremu ya chini, na kutiwa vipande katikati ili matairi makubwa yapate nafasi. Nusu tunaipata huku, nusu kule. Vifaa vya kuagiza ni bei ya harusi. Tutafanya kienyeji, na kitakuwa kienyeji cha heshima.

Ijumaa, 18 Aprili

Baada ya sala nimekwenda Chake kwa Kificho wa skrepa. Ana Escudo la dizeli lililogongwa ubavuni. Springi zake nene, ndefu, hazina hata ufa! Kificho kasema hauzi vipande, anauza gari zima. Nikakaa juu ya injini iliyopinduliwa nikamuuliza hali ya mkewe, na kama lile gauni la harusi nililomshonea bado analo. Bado analo. Springi zikafunguliwa.

Jumanne, 22 Aprili

Springi zimeingia. Za mbele zimesumbua, Haroub katukana kwa sauti ya chini kwa sababu nipo. Shokapu za zamani zimekuwa fupi, tumepata nyingine zilizotumika. Gari limeinuka, lakini nikiuweka ufito alama ya wanja bado inagusa tumbo. Sawa. Nusu ya kazi.

Saud kapiga. Kasema gari likiwa refu litapinduka. Nikamwambia Mama mwenyewe hatapinduka, ana kilo za kutosha.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo bodi. Haroub alitaka vipande vya mbao. "Mvule hauozi, Bi Nusaiba." Nikamwambia hili gari, si dari. Tukakata bomba zito la chuma vipande vipande, kila kimoja kikachomelewa bamba juu na chini. Bolti za zamani mbili zimekatika kwa kutu, nyingine zimekubali. Bodi ikapanda kwa jeki na gogo, kidogo kidogo, huku Haroub amelala chini anasoma Ayatul Kursi. Fimbo ya stelingi imevutika ikatosha. Mipira ya breki tumeweka mirefu, na matairi makubwa yameingia.

Halafu likasimama. Yaani limesimama! Watu wa dukani mkabala wametoka kuangalia. Mimi mwenyewe ili niingie nimekusanya dera mpaka gotini na kuruka. Haroub kageuza uso upande wa pili, kijana ana adabu zake.

Ufito umepita chini ya tumbo bila kugusa. Nimeurudisha mara kadhaa kwa raha tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, gereji imefungwa, tumefanya kazi. Bodi ilipopanda rejeta nayo ilipanda, basi feni ikawa inakwaruza kava yake. Haroub kaikata kava. Foo-wili, ile gia ya kuvuta magurudumu yote manne, ilikataa kuingia kwa sababu mkono wa gia unagonga sakafu. Kakata sakafu. Sasa kuna tundu, naiona barabara nikiendesha. Nimeziba kwa kipande cha zulia.

Jaribio: magunia ya saruji nyuma, na moja kwenye kiti cha mbele badala ya Mama. Tumelipeleka kwenye njia mbovu ya machimbo ya mchanga. Limepita kwenda na kurudi. Nilipiga honi bila sababu. Haroub kasema gunia la mbele halikulalamika hata kidogo.

Jumatatu namfuata Mama.

Jumatatu, 28 Aprili

Bonde nimelipita. Foo-wili, gia nzito, polepole, mgongo uko chini yangu na sikuusikia hata ukinipapasa. Nilikuwa nacheka peke yangu. Watoto wamenikimbilia hadi uani kwa Mama.

Mama yuko tayari. Baibui jipya, mkoba, udi mpaka mlangoni. Bi Kazija kamtoa kwa mkono.

Sasa, Mama ana namna yake ya kupanda gari tangu enzi za Baba. Hatangulizi mguu. Mwanamke wa makamo yake hapandi gari mbele za watu kama anayepanda mnazi. Hurudi kinyumenyume, hupapasa kiti, hukaa, kisha hukusanya baibui na kuvuta miguu yote miwili ndani. Baba alikuwa akisubiri ameshika mlango, hata kama mvua inanyesha.

Leo karudi kinyumenyume. Kapapasa. Mkono umegusa chuma, chesisi hiyo, ina matope. Kapapasa tena kidogo, kisha mazoea yakamshinda, akakaa. Kakaa hewani.

Tumemdaka mimi na Bi Kazija kabla hajafika chini. Kasimama, kajifuta mkono kwa leso.

"Gari hino ya nani?"

"Ya Baba, Mama."

"Siyo," kasema, karudi ndani.

Uso umeniwaka mpaka sasa. Mimi, fundi cherehani! Nimepima bonde, nimepima chesisi, nimepakia saruji. Mvaaji mwenyewe sikumpima. Gunia halina goti, wala halina haya.

Jumanne, 29 Aprili

Kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kiwe ngazi — goti limekataa. Kreti la soda — limeyumba, Mama kashuka. Bi Kazija kaleta ubao wa kupandia. Mtu asiyeona, juu ya ubao, ardhi yenyewe tope? Mama kaugusa kwa mguu mmoja akauacha.

Vijana wale wale wa kitanda wamekuja. "Bibi, tukuinue kidogo tu, utie mguu."

"Kidogo ndio mwanzo wa kitanda," Mama kawajibu. Wameondoka wameinamisha vichwa.

Haroub kwa simu: kulishusha ni kazi ya siku nzima, na likishushwa halitalipita bonde. Najua, Haroub. Saud kwa simu: nilikwambia. Nimemkatia.

Kesho ndiyo siku ya mwisho ya madaktari. Mama kavua baibui, kalikunja mwenyewe, pindo juu ya pindo. Nimelia jikoni nikasingizia moshi. Moto ulikuwa umezimwa zamani.

Jumatano, 30 Aprili

Baada ya alfajiri Mama kaniita. Kakaa kitandani, tasbihi mkononi.

"Nambie. Pale bondeni ukipita, magurudumu huwa wapi?"

"Mferejini, Mama."

"Yameshuka?"

"Yameshuka sana."

"Na tumbo?"

"Juu ya mgongo. Haligusi."

Kasogeza punje za tasbihi kama anayehesabu mishono. "Basi nchimbieni njia mbovu hapa mlangoni."

Nimemwangalia. Halafu nimecheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka, lakini alikuwa anajizuia, namjua.

Nimetoa utepe wa kupimia nguo kwenye mkoba. Nimemsimamisha Mama wima, nimempima kutoka ardhini hadi nyuma ya goti, kama napima suruali. Nikapima na kiti cha gari. Tofauti hiyo ndiyo kina cha shimo. Bi Kazija kawaita wanawake wa mtaa, kila mmoja na jembe lake. Hakuna mwanamume aliyeitwa na hakuna aliyethubutu kuja. Wamechimba mifereji miwili mbele ya mlango, wamekaza chini kwa miguu, wameacha mgongo katikati. Wakati wote huo wanataniana: mwaka mzima tunaomba serikali itufanyie njia nzuri, leo tunachimba mbovu kwa mikono yetu.

Nimelishusha Escudo mle polepole. Limezama kama lilivyozama siku zote bondeni. Mlango wa gari umekuja chini, chini, hadi usawa wa zamani.

Mama katoka na baibui lake. Karudi kinyumenyume. Kapapasa. Mkono umegusa kitambaa cha kiti, ukatulia pale. 

"Hapa," kasema Mama.

Kakaa. Kakusanya baibui, kavuta miguu ndani. Nilikuwa nimeshika mlango na sikujua kama nimeushika. Bi Kazija alitaka kupiga vigelegele, Mama kamwambia angoje afike.

Na mvua imeanza. Mara ya kwanza magurudumu ya mbele yamepanda nusu yakarudi, tope limekuwa laini kama uji. Mara ya pili vile vile. Nimezima injini kabla sijalizamisha zaidi. Wanawake wamekimbilia kuvunja makuti ya kutandika chini ya magurudumu, na mifereji imeanza kujaa maji. Chake wanaandikisha wagonjwa mpaka adhuhuri tu. Naandika juu ya usukani nikiwasubiri. Siogopi. Litatoka. Bonde zima limelipita, litashindwa na shimo la wanawake?

Makuti yameshatandikwa. Bi Kazija yuko nyuma na wenzake, mikono juu ya bodi, wameloa, wananisubiri mimi. Mama kauliza mbona kimya, nafanya nini. Nimemwambia naandika. Kasema baba yako saa hizi angekuwa ameshatia gia.