Shangazi, Nimekula Katika Bakuli Lako

Shikamoo, Shangazi.

Nimeandika neno hilo kisha nikakaa, kama mjinga, nasubiri uniitikie. Mwalimu wetu wa Kiingereza anasema barua njema huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Nimeshindwa. Hali yako naijua. Nilikuwepo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kinyaturu hakuna aliyetufundisha kukiandika, na kwa Kiingereza ungesema nakutukana. Nimejificha nyuma ya kihenge cha uwele. Wakinikuta nitasema nafanya hesabu za shule.

Tangu shimo la udongo likufunike, watu wote hapa nyumbani walikuwa wakilia isipokuwa mimi, mpaka juzi. Baba, kaka yako, analia akikamua ng'ombe, anadhani hatumwoni. Mama aliniambia, "Lia, mwanangu, utaugua." Machozi hayakuja. Niliangalia tu mikono yangu. Ilikaa kama imeshika kitu.

Ngoja nianzie mbali, kule hospitali ya misheni, maana Bibi anasema ndipo mwanawe alipoanza kufa.

Ulinichukua kwa sababu daktari alikuwa mama wa Kizungu, mgeni, Kiswahili hana. Mkalimani wake alikuwa dresa, yule mfunga vidonda, mwanamume wa hapa hapa, nawe ukasema huwezi kutangaza habari za mwili wako mbele ya mtoto wa jirani. "Msomi wetu huyu hapa," ukasema, ukanisukuma mbele. Mimi, ambaye shuleni, chini ya picha ya Malkia, sifungui mdomo mpaka niitwe jina. Nilitaka ardhi ipasuke ini...

Siwezi tena kuandika maneno hayo. Nisamehe.

Daktari alikufunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akatazama tena. Akasema damu yako inasukuma kwa nguvu mno na moyo wako umebebeshwa mzigo. Upunguze ugali, uache mafuta na pombe, utembee, mwili upungue. Usipofanya hivyo, moyo utachoka ghafla. Nikakutafsiria. Ukamtazama juu mpaka chini. "Muulize, yeye mbona amekonda hivyo? Afya yenyewe ndiyo hiyo?"

Nikamwambia kwamba unamshukuru sana.

Ukacheka mpaka benchi likalia. Njiani ukasema, "Monika, uso wako hauwezi kuficha hata punje ya uwele. Umedanganya, na hata yule Mzungu ameona." Tukatembea mwendo mrefu. Ulipofungua tena mdomo ulikuwa umeogopa, ndiyo mara yangu ya kwanza kukuona umeogopa. "Peke yangu sitaweza. Nikiona ugali nitasahau. Tupungue wawili. Si huko shuleni wanakuita Pipa?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Mpaka leo sijui ulijuaje. Hapa nyumbani mwili wangu ni sifa, wageni hunishika mashavu na kumpongeza Mama. Kule kwa wasichana wenzangu mimi ni Pipa, na nilikuwa nimelimeza jina hilo kimya kimya.

Basi tukaanza. Mizani hatukuwa nayo, tulikuwa na kaniki yako na lile jiwe kubwa nyuma ya zizi. Kaniki ndiyo ilipima, na jiwe tulilipanda kila jua likishuka. Siku ya kwanza ulifika katikati ukakaa kama mzigo, ukaniambia nikuletee chakula huko huko, utahamia. Siku uliyotoka kwenye harusi umekunywa, nilidhani hutakuja. Ukaja unatweta, unashika jiwe kwa mikono miwili, unasema, "Na pombe nayo ipande, tuone."

Hilo ndilo lililonishika, Shangazi. Mimi nilikuwa nikishindwa siku moja najiona nimeshindwa kabisa. Wakati wa mavuno nilikomba ukoko wa chungu kizima gizani kama mwizi, ukanikuta na masizi mdomoni.  Kesho yake ukasimama mlangoni: "Haya, Pipa, jiwe linatungoja." Ukaniita Pipa mpaka jina likawa letu, likaacha kuuma.

Na wageni walipokuuliza mbona unapungua, je, kaka yako anakunyima chakula, jibu lako lilikuwa moja: "Daktari amekataza." Ukaligeuza kuwa fimbo ya kila kitu. Daktari amekataza nikae kwenye moshi. Daktari amekataza nisuluhishe ugomvi wa watu kabla sijaota jua. Kisha unanigeukia mimi, mkalimani, niseme kama si kweli, nami natazama chini, masikio yanawaka.

Lakini kuna jambo sikukuambia. Nilikukasirikia.

Ni lile bakuli. Sisi wanawake hapa tunakula katika chombo kimoja, na anayetoa mkono mapema huulizwa kama anaumwa. Wewe, mfinyanzi wetu, ukafinyanga bakuli lako, kubwa kama lile alilokuwa akilia chakula marehemu Babu, ukatangaza kwamba daktari amesema ule peke yako. Hakusema. Ulijipakulia mwenyewe, na kuliosha uliliosha mwenyewe, kwamba wengine watalivunja. Na kila jioni, Shangazi, lilikuja limejaa hadi juu, kilima kabisa. Unakula, unamaliza, unapangusa kwa kidole, unashusha pumzi. Bibi, ambaye hakutaka mwanawe apungue, anafurahi. Nami nimekaa karibu na Mama na tonge zangu chache, tumbo linanguruma, najiuliza: ndiyo kupungua wawili gani huku? Na bado wewe ndiye uliyepungua haraka. Kaniki ilianza kukuzunguka ikarudi tena mbele. Siku moja kule juu ya jiwe nilikaribia kukuuliza, nikaona haya. Ukaniona ninavyokutazama. "Kazana na lako, Pipa," ukasema, ukatazama pembeni.

Nililala na hasira siku hiyo. Na siku nyingine pia.

Sasa shimo. Niandike haraka.

Mvua ilikuwa imenyesha, udongo wa mbugani umelainika, nami niko likizo. Unajua mnavyochimba udongo wa vyungu, mkifika kwenye udongo mzuri mnaufuata kwa pembeni, chini ya ukingo, mpaka panakuwa na tundu. Miaka yote wewe ulikaa juu ukivuta kikapu, maana mwili wako haukuweza kupita. Siku ile ukajifunga kaniki, ukanipa kamba. Mke wa jirani alikuwa kando anaponda mabonge. "Leo kaa wewe mahali pangu," ukaniambia. Ukashuka. Nikaona nyayo zako zikiingia tunduni, kisha nikasikia sauti yako ndani, sauti ya msichana:

"Monika, unaona? Nimepita."

Kikapu kilikuja kimejaa. Nikakimwaga, nikakishusha tena. Halafu kukawa na mlio, si mkubwa, kama mtu ametua gunia. Kamba ikakaza. Nikaivuta, haikuja. Nikadhani umeishika unanitania.

"Shangazi, acha," nikasema. Nikacheka.

Nilicheka, Shangazi. Hilo sijamwambia mtu. Mke wa jirani alipiga kelele, wanaume wakaja na majembe, wakachimba, na mimi bado nimeshika kamba, wakaja kunibandua vidole kimoja kimoja.

Wewe ambaye damu yako ilikuwa imetulia. Daktari mwenyewe alitabasamu mara ya mwisho, akakupa mkono. Wewe uliyelipanda jiwe lote ukasimama juu ukawatukana ng'ombe wa Baba. Moyo tulioulinda mwaka mzima haukuchoka. Naandika hili na bado naona kama kuna mtu amekosea, atakuja kurekebisha.

Siku ya maziko Bibi alikaa chini, macho yake haya yasiyoona tena vizuri yameelekea nilipokuwa. Akasema polepole, kila mtu akisikia, "Nilimzaa ana mwili. Angebaki na mwili wake, asingepita kwenye tundu lile."

 Neno hilo nimeligeuza kila upande na ni kweli. Kama ningenyamaza pale hospitali, kama lile jiwe tusingelipanda, ungekuwa umekaa juu na kamba yako.

Basi nikaacha. Nikala. Majirani walileta vyungu, na mimi nikala kila kilichopita mbele yangu, uwele, maharage, nyama ya msiba, bila njaa wala ladha. Gauni la shule likapasuka ubavuni, nikalishona kwa uzi mweusi. Nikasema moyoni, kupungua kumeua mtu, mimi sipungui tena.

Juzi ndiyo tukaanua matanga. Unajua desturi ya ukoo wetu, kwamba anayepewa chombo cha marehemu hukilia chakula mbele ya watu, amalize, ndipo kinakuwa chake. Kaniki zako alipewa Mama. Vifaa vya kufinyangia akapewa mke wa jirani. Baba akasema, "Na bakuli ni la Monika."

Bibi akakataa kusaidiwa. Alipakua mwenyewe kwa kupapasa, mwiko juu ya mwiko, akaukandamiza ugali kwa kiganja, akaongeza, akaweka nyama juu. Ukawa kilima kama vilima vyako. Akanikabidhi, na lilikuwa zito, Shangazi, mikono ilishuka. "Umalize," akasema. "Kama alivyokuwa anamaliza."

Ua zima linanitazama. Nimeshiba tangu asubuhi, na najua nikiacha hata tonge moja, Bibi atasema hata chombo cha mwanawe nimekikataa. Nikaanza. Nikamega, nikachovya kwenye mlenda, nikameza. Nikamega tena. Kilima kikaisha, nikaingia ndani ya bakuli nikitegemea safari ndefu.

Vidole vikagonga chini.

Nilidhani ni mfupa. Nikapapasa. Ilikuwa ni bakuli lenyewe. Kina chake hakikufika hata nusu ya kile kinachoonekana nje. Shangazi, ulilifinyanga na kitako kinene kama mkate, udongo mtupu, na juu ya udongo huo ukaweka nafasi ya chakula cha mtoto. Nikapangusa kwa kidole kama ulivyokuwa unapangusa wewe, na pale chini kabisa nikaona zile alama zako za vidoti, unazoweka shingoni mwa mitungi ya harusi. Ulijipambia mahali ambapo wewe tu ungefika. Kila jioni ulikuwa unazifuata hizo.

Nilikaa nazitazama. Ulikuwa na njaa kama mimi. Kila jioni, hatua mbili kutoka nilipokaa, ulikuwa na njaa kama mimi, na hukuweza kuniambia kwa sababu ya huu uso wangu. Mama angeusoma ukweli kwangu, na Bibi angeujua kabla hujameza tonge la kwanza.

"Amemaliza?" Bibi akauliza.

"Amemaliza," Mama akajibu, anashangaa.

"Mwongezeni."

Mama akanyanyua mwiko. Na hapo, Shangazi, mdomo wangu ukafunguka wenyewe, mbele ya ua zima, mimi ambaye hata kuomba maji kwa watu naona haya. Nikasema:

"Daktari amekataza."

 Baba akaacha kutafuna. Nikaona nimeharibu, nimelileta neno lako baya zaidi siku mbaya zaidi. Kisha nikasikia kicheko, na kilikuwa cha Bibi. Kilitoka chini tumboni, kama chako, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kaniki. "Huyu ni mwongo," akasema. "Mwongo kama shangazi yake." Akapapasa ngozi aliyokalia, akanipisha nafasi. "Njoo ukae hapa."

Nikaenda. Na hapo ndipo nilipolia, nimekumbatia bakuli tupu, mpaka watu wakaanza kuondoka na mimi bado.

Shule inafunguliwa karibuni. Kule mchana tunakulia sahani za bati, zote sawa, haiwezekani kuweka udongo chini. Udongo nitauweka kichwani mwangu, niishie nusu. Gauni bado linabana. Jana nilipanda jiwe nikaishia katikati, pale pale ulipokaa siku ya kwanza ukataka kuhamia. Leo nitajaribu tena.

Bakuli nitaliosha mwenyewe. Nikiulizwa, nitasema daktari ndiye aliyeagiza, na uso wangu nitaufundisha.

Tena kuna jambo moja nakuahidi. Alilosema Bibi siku ya maziko bado ni kweli na sijui nitaliweka wapi. Ila yeye hakukusikia ukiwa ndani ya tundu. Mimi nilisikia. Jioni hii nitakaa kwenye ngozi yake nimwambie ulichosema, na ulivyokisema, ile furaha. Ni mwanawe, ana haki nayo. Na kama nitaweza, nitamwambia pia kwamba nilicheka.

Kaa vizuri huko, Shangazi. Jua limefika kwenye zizi, na jiwe linaningoja.

Ni mimi,
Pipa