Bembea za Mwanza

Mpenzi Baba Kudra,

Mchimbaji mwenzako Makoye kanieleza. Duara, shimo lenu la dhahabu, limetitia wakati umepanda juu kuomba ruhusa ya safari yetu, na wenzako wametolewa wazima. Nililia, halafu nikacheka. Mungu ni mwema.

Safari ya Mwanza iko palepale. Tutalala kwa dada Martina, chakula nitapika nibebe, ili hela itoshe nauli na bembea. Apande Kudra tu, sisi tumshikie viatu. Jana kauliza, "Mama, bembea kubwa inashuka shimoni kama baba?" Nikamwambia, "Inashuka, lakini lazima ipande."

Mwenye duara akikuita kuchimba jipya, mwambie mkeo kakataa. Njoo Ijumaa na matope yako hivyo hivyo. Maji ya kuoga yapo.

Wako,
Mama Kudra, Katoro