Zahara Hatumwi

Jumamosi, jioni. Asubuhi mvua, mchana jua, na sasa ubaridi wa ziwani umetufanya tuvae masweta tena. Moyo wangu nao ni hivyo hivyo, haujui uvae nini.

Leo ni wiki tangu nimrudishe Zahara kwao, mtaani Mbugangari. Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: Zahara ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka tisa, na miguu yake haikuwa na nguvu tangu azaliwe. Alikaa Nairobi zaidi ya mwaka, kwenye kituo kinachofundisha watoto kutembea. Mimi shangazi yake ndiye niliyempeleka, na ndiye niliyemrudisha. Alikwenda mgongoni mwangu. Amerudi na magongo mawili na vyuma miguuni, akishuka kwenye basi mwenyewe huku abiria nyuma yetu wakisonya. Waache wasonye.

Nilidhani kazi imekwisha. Thubutu.

Nyumbani walimpokea kama bibi harusi. Wifi yangu Salima, mama yake, ni fundi cherehani, na alikuwa amemshonea mbeleko mpya ya kitenge, tabaka mbili, ya kumbebea mtoto wa miaka tisa. Kaka aliweka kiti chenye mito karibu na mlango. Chakula kinamfuata pale, maji ya kunawa yanamfuata pale. Ndugu zake wawili wanatumwa kutwa nzima: leta ndoo, kamwite baba, peleka gauni kwa mteja.

Zahara hatumwi.

Hakuna anayemtesa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana mtu anayetesa unaweza kumgombeza. Hawa wanampenda. Lakini wataalamu waliniambia waziwazi kwamba asipotembea kila siku, miguu italegea na tutarudi tulikoanza.

Kila jioni baada ya kazi nimekwenda kubishana. Salima ananijibu kwa upole uleule: "Wifi, majirani watasema nini? Watasema niko mama mubaya, natumikisha mutoto kilema." Nilimwelewa, na nikakasirika vilevile.

Leo nilikwenda nikiwa nimeamua. Niliikunja ile mbeleko nikaitia mkobani mwangu, kisha nikakikalia kile kiti cha mito mimi mwenyewe, na makalio yangu haya. Zahara akacheka, akabaki amesimama na magongo yake. Salima hakucheka. Nikamwambia siondoki mpaka amtume mtoto.

Akarudi kwenye cherehani yake. Yeye anashona, mimi nimekaa. Mimi pia ni mkaidi, wa kwetu wanalijua hilo.

Sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, ilikuwa kwenye makaa uani. Baadaye Salima akaenda kuonja, akakunja uso, akawaita wale wawili. Walikuwa wameshakwenda kucheza mpira. Akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Zahara," akasema. "Kwenda ku butiki, uniletee chumvi. Usikawie."

Butiki iko ng'ambo ya njia, na njia yetu ni mawe meusi ya volkano, leo bado yameloa. Salima alishika ukingo wa meza ya cherehani na hakuchungulia nje. Nami niliyejifanya shujaa wiki nzima nilitaka kukimbia nikamshike. Niliogopa sana. Tulisikia vyuma vikigonga mawe, kisha kimya kirefu, kisha vyuma tena.

Akarudi anatokwa jasho, goti moja limejaa matope, mfuko mdogo unaning'inia kidoleni. Salima akaufungua.

Ilikuwa sukari.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtetea, lakini Salima akaniwahi. "Mi nilikutuma chumvi. We ulikuwa unawaza wapi? Rudisha."

Zahara akanuna. Akageuza magongo yake, akatoka tena, na tukamsikia hadi njiani akilalamika kwa nini ni yeye tu anayetumwa kila siku katika nyumba hii.

Nimelia palepale, na sioni haya kuliandika.

Kesho sipiti kwao. Wana mtoto wa kumtuma.