Dirisha la Barabarani

Jumatatu, 4 Juni 1951
Ndiyo kwanza navua viatu kutoka shuleni, lori la kahawa likasimama mlangoni. Nikamtolea dereva kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama apewavyo kila mgeni. Tumepiga soga nusu saa. Injini haizimi. Anasema ikizimika, kuizungusha tena kwa hendeli ni kazi ya watu wawili. Kijijini kwetu Izigo wote wanaona lori kwangu, kwa Mwalimu. Napenda, sikatai.
Binti yangu Kokushubira bado anakohoa. Ana miaka minne.

Jumatano, 6 Juni
Dresa, mganga msaidizi wa zahanati, kasema mtoto apate hewa. Nimehamishia kitanda chake chini ya dirisha la barabarani. Mke wangu Paulina kanuna. Anataka mtoto aende kwa Mawe, mama yangu, kule ndani migombani. Nimekataa. Sikujenga nyumba ya bati kando ya barabara ili mwanangu akalale kwenye nyumba ya nyasi.

Jumamosi, 9 Juni
Malori matatu. Shuka la mtoto limegeuka rangi ya tofali kwa vumbi la barabara. Kifua kinapiga filimbi. Dirisha nimeliacha wazi.

Jumatatu, 11 Juni
Siku mbaya. Dereva anatafuna kahawa, nami nacheka naye, lori linanguruma nje. Paulina akapiga kelele. Nimemkuta mtoto ameketi kitandani, midomo imesawijika, mbavu zinabonyea. Chumba kimejaa moshi. Moshi wa mgeni wangu.
"Hewa yako hiyo, Mwalimu," Paulina alisema.
Nimembeba mtoto mpaka kwa Mawe. Nimelia njiani. Watu wameniona.

Alhamisi, 14 Juni
Lori limekuja. Nimesimama mlangoni mikono mitupu. Dereva alingoja kikapu. Nikamwambia, "Tafadhali, usisimame tena hapa." Kwetu kumnyima mgeni kahawa ni kumfukuza. Kaondoka bila kuaga. Nimeona aibu mpaka jioni. Afadhali aibu.

Jumapili, 17 Juni
Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi kwa Mawe. Nyasi mbichi zimetandikwa sakafuni. Mtoto amekula ndizi, akaomba nyingine. Sasa amelala, mchana huu, kimya kabisa. Kikohozi nilikuwa nimekizoea. Nimeinuka mara mbili kuweka sikio kifuani pake. Anapumua.