Orodha ya Vitu vya Kuogopa

Chumba cha nyuma, nyumba yenye geti la bluu,
mkabala na kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Salamu zikukute umekaa, maana ni ndefu. Hujambo? Shemeji hajambo? Na mpwa wangu Kifutu, bado anauma watu? Huku tu wazima. Mama akiinama mgongo unamsumbua, akisimama unatulia, basi anasimama. Mimi nakula, nalala. Nikiulizwa habari nasema nzuri. Nikiulizwa tena nasema hivyo hivyo.

Ulisikia nilianguka ghorofa ya pili, kwenye jukwaa la kupakia rangi. Nilikimbilia juu kabla ya kufungwa kamba, hilo nakiri. Ila waliosema nilipiga kelele ni waongo. Nilitua kwenye lundo la mchanga kwa kichwa, na mchanga ndio ulioumia. Hospitali daktari alinionyesha picha ya ubongo wangu (ninao, dada, na ushahidi upo). Akasema ndani kabisa, kila upande, kuna kitu kidogo kama harage. Hicho ndicho kinachopiga kengele ukiona hatari, moyo ukadunda na miguu ikaondoka kabla hujafikiri. Vyangu vyote viwili vimeumia. Huenda vitapona, huenda havitapona. Mama alitoka nje kulia. Nilijua hapo ndipo pa kulia, nikayangoja machozi, hayakuja. Nikauliza chakula cha mchana ni saa ngapi.

Mwanzoni niliringa. Mimi niliyekimbia shule kwa kumwogopa mwalimu wa hesabu, leo natembea kwenye ubao wa ghorofa ya nne mikono mfukoni, napiga mluzi. Mafundi wakanibatiza Moyo wa Zege. Jina nimelichukua.

Sasa habari yenyewe. Unamjua Kaka Brashi, aliyenifundisha kazi. Kule juu tunafungana kamba: yeye ananifunga mimi, mimi namfunga yeye, hakuna anayejifunga mwenyewe. Jumanne alinifunga, mimi nikashika brashi nikaanza kupaka, yeye sijamfunga. Sikukusudia. Zamani tumbo ndilo lililonikumbusha, na siku hizi tumbo limenyamaza. Akateleza, akabaki ananing'inia kwenye bomba kwa mkono mmoja. Hapo hapo kopo la rangi likawa linabingirika kuelekea ukingoni.

Dada, nilidaka kopo kwanza.

Nikalisimamisha vizuri, nikalifunika, ndipo nikamvuta. Yu hai, ila bega limeteguka. Hakunitukana. Alikaa kwenye ubao ameshika bega, akaniambia, "Mdogo wangu, mimi naogopa kila siku. Ndiyo maana kamba yako haijawahi kulegea."

Msimamizi amenishusha. Nachanganya rangi na kuosha brashi za wenzangu, mimi, fundi mzima. Alitaka kunifukuza kabisa, Kaka Brashi akaniombea, bega likiwa kwenye kitambaa. Wamekubaliana hivi: kama tumbo halisemi, karatasi iseme. Niandike kila kitu cha kuogopwa, niwe naisoma kwa sauti kila asubuhi kabla ya kupanda. Mwisho wa mwezi msimamizi ataikagua. Ikimridhisha napanda tena, isipomridhisha ndiyo basi, na mimi kazi nyingine sijui.

Siku tatu nimekaa na kalamu, karatasi nyeupe. Ndiyo maana nakuandikia wewe, uliyenibeba mgongoni kupita nyumba ya yule mbwa mpaka nina miaka tisa, ukaapa hutamwambia mtu, ukauambia mtaa mzima. Leo sema yote. Nilikuwa naogopa nini, na nilifanyaje nilipoogopa? Usinifichie aibu, kuona aibu kwenyewe nimeacha.

La kwanza nimelipata mwenyewe, nimelipigia mstari mara mbili: mtu kwanza, kopo baadaye. Kuanzia la pili nimekuachia nafasi.

Msalimie shemeji, na Kifutu umwambie mjomba wake hang'atiki. Mama anakusalimu akiwa amesimama. Mungu awalinde, na woga wenu awaachie.

Ndugu yako akupendaye (upendo huo sijausikia kifuani tangu nianguke, ila naujua, kama ninavyojua jina langu),

Moyo wa Zege.