Swala wa Hitima ya Mama

Kiboriloni, Moshi
14 Septemba 2024

Mpendwa Kaka Khalid,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hapo Songea ni wazima, na kile kikohozi cha wifi kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Baridi imepungua, sasa ni vumbi tu, huku sokoni hata nyanya unazifuta kabla ya kuzipanga. Baba ana afya, ila macho yanazidi kumsumbua.

Hitima ya Mama imepita salama. Najua umesikia kwenye simu kwamba Baba alitupa nyama na kugombana na mume wangu. Haikuwa hivyo hasa, kwa hiyo nakuandikia nilivyoona mwenyewe, maana safari hii nilikwenda mimi badala yako.

Unajua Baba hukata kibali cha kuwinda mnyama mmoja kila mwaka kama alivyofanya Babu, na nyama hugawiwa majirani, Waislamu kwa Wakristo. Mwaka huu alitaka iwe ya hitima, kwa sababu Mama alipenda nyama ya porini kuliko ya ng'ombe. Tulishuka tambarare na Baba, mume wangu Zuberi, na Mzee Eliudi wa Marangu, yule Mlutheri ambaye amewinda na Baba tangu ujana wao. Askari wa wanyamapori alitusindikiza.

Tuliwakuta swala nyuma ya majani marefu. Baba akasema Bismillah, akapiga. Dume mmoja akaanguka, akainuka, akakimbia. Risasi ilimpata tumboni. Sijawahi kusikia Baba amepiga mnyama tumboni.

Tulifuata damu mpaka jua likawa kali. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Alikuwa amelala kwenye kijito, kichwa chote ndani ya maji, amekufa. Niliingia nikamwinua kichwa, maji yakamtoka puani.

Baba alisimama ukingoni, akamtazama. Kisha akasema, "Huyu hatumli."

Zuberi alikuwa ameshachomoa kisu. "Baba, si ulitaja jina la Mwenyezi Mungu? Na damu yote ile tuliyofuata? Risasi ndiyo iliyomuua."

"Huenda ni risasi. Huenda ni maji. Mimi sijui, na wewe hujui. Tumefundishwa kwamba aliyekutwa majini tumwache."

"Na wageni waliokwisha kualikwa? Kibali ndicho hicho kimoja."

"Watakula maharage."

Zuberi alikitupa kisu mchangani, akaenda kukaa garini. Ugomvi wenyewe ndio huo, hakuna zaidi.

Baba akamgeukia Mzee Eliudi. "Kwenu hakuna katazo. Mchukue wewe."

Nilidhani mzee atakataa kwa heshima, lakini alisema waziwazi, "Nitamchukua, Seleman. Kwangu mimi, kumwacha aoze ndiyo dhambi." Akavua kofia, akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini, kisha akaanza kuchuna. Baba akamshikia miguu. Walifanya ile kazi mpaka mwisho, na askari akaandika mambo yake.

Nyumbani, Zuberi hakusema na Baba, isipokuwa salamu. Mimi nilichambua maharage na kujiuliza watu wa msikitini watasemaje.

Asubuhi ya hitima, Mzee Eliudi akateremka kutoka Marangu na mikungu ya ndizi na beberu mzima amemfunga kamba. "Sisi tumekula na watu wa kwetu wamekula," akamwambia Baba. "Huyu nimekuletea akiwa hai ili mchinje wenyewe, moyo wako utulie." Baba alimshika mkono, akawa hauachii.

Kisu kilipoletwa, Baba alikipokea, akakiangalia, kisha akamwita Zuberi.

"Chinja wewe, mwanangu. Mkono wangu hauna uhakika tena. Yule swala nimemtesa bure."

Zuberi alikipokea kwa mikono miwili. Akaelekea kibla, akachinja. Baada ya hapo kisomo kiliendelea vizuri, watu walikula wakashiba, na Mama aliombewa dua ndefu. Mzee Eliudi alikaa mkekani kando ya Baba muda wote.

Sasa la bunduki. Baba amesema hatawinda tena. Ameniagiza nikuulize jambo moja, nawe ujibu kwa ukweli: ungekuwa wewe pale ukingoni, na wageni wa Mama wameshaalikwa, ungemwacha yule swala? Ukisema ungemwacha, mtakwenda polisi pamoja bunduki iandikwe kwa jina lako. Ukisita, ataisalimisha. Anasema familia imewinda kwa imani tangu kwa Babu, na hataki iendelee kwa njia nyingine.

Mimi hajaniuliza. Nadhani hata haijampitia kichwani. Lakini jibu ninalo, ningemwacha, na Ijumaa akirudi kutoka msikitini nitampa, hata kama hakuliomba. Kwa hiyo kaka, usichelewe.

Nisalimie sana wifi, pamoja na Shani na mdogo wake. Zuberi anakusalimu, na Mzee Eliudi anauliza utapanda lini Marangu. Mwenyezi Mungu awahifadhi nyote na amlaze Mama mahali pema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,

Hajira